Wazee wa MIOME na Ufunguo wa Jinja



Ndugu wasomaji, kila mwaka katika mwezi wa Shawwal, siku chache baada ya Idd, wazee waliosoma na marehemu baba yangu hukutana Mombasa pamoja na watoto na wajukuu zao. Walipoanza walikuwa kumi na wanane. Shawwal iliyopita walikuja wanne, na mmoja aliletwa kwa kiti cha magurudumu. Sisi watoto ndio wengi sasa. Tunakula biriani, tunapiga picha, lakini ukituuliza hawa wazee walijuana vipi, wengi wetu hatuna jibu. Nimeona niandike kabla hawajaisha wa kuulizwa.

Wote walisoma chuo cha Waislamu cha Mombasa, pale Tudor, ambacho watu walikiita MIOME kwa herufi za jina lake la Kiingereza. Msidhani kilikuwa madrasa. Kilikuwa chuo cha ufundi: umeme, mitambo, useremala, na hata ubaharia. Zamani hizo shule nyingi nzuri za Afrika Mashariki zilikuwa za wamisionari, na wazazi wengi wa Kiislamu waliogopa kupeleka watoto huko wasije wakabadilishwa dini. Matokeo yake vijana wetu walibaki nyuma katika kazi za kisasa. Ndipo likaja wazo la chuo cha ufundi kwa Waislamu wa nchi zote hizi. Jina lake lilipitishwa mwaka 1948 na wanafunzi wa kwanza wakaingia 1951. Fedha zilitoka kwa Sultani wa Zanzibar, Sayyid Khalifa bin Harub, kwa Aga Khan, kwa jamaa wa Kibohora na kwa serikali ya Kiingereza. Sunni, Ismailia na Bohora wakachangia nyumba moja ya elimu. Leo tukigombania kuandama kwa mwezi, mimi hukumbuka jambo hilo.

Baba alitoka Jinja kwa treni mwaka 1957, kijana wa miaka kumi na saba, hajapata kuona bahari. Darasani alikuta Waswahili wa Mombasa na Tanga, Waarabu wa Unguja, Wasomali, Wahindi. Wenzake walimwita "Mganda" mpaka alipozikwa. Rafiki yake mkubwa alikuwa kijana wa Kibohora, naye wa Jinja, na wote wawili walisomea umeme. Walipomaliza, baba aliajiriwa katika bwawa la umeme la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954, na mwenzake akafungua duka la vifaa vya umeme mjini.

Kisha dunia ikawatawanya. Januari 1964 yakatokea mapinduzi Zanzibar, na wenzao wawili wa Unguja wakaishia Omani na Dubai. Agosti 1972 Idi Amin akatangaza kwamba Wahindi waondoke Uganda, akawapa siku tisini. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, basi hata mtu wa Tanga na wa Mombasa, ambao ni kama jirani, hawakuweza kutembeleana. Chuo chenyewe kilikuwa kimeshabadilika jina mwaka 1966, kikawa cha watu wa dini zote. Leo ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa.

Usiku kabla ya safari yule Bohora alikuja nyumbani kwetu na ufunguo wa duka. Alisema, "Nitunzie mpaka nirudi." Baba alifungua duka lile kila jioni kwa wiki tatu, anahesabu mali na kuandika kwenye daftari. Wiki ya nne akakuta askari wamevunja kufuli na wanapakia waya na taa kwenye lori. Hakusema neno. Aliniambia kwamba aliogopa, na sikumsikia akijitetea zaidi ya hapo.

Mpaka ulipofunguliwa mwishoni mwa 1983, wazee walianza kuandikiana barua, na Shawwal ya mwaka 1404, yaani Julai 1984, wakakutana Mombasa kwa mara ya kwanza. Yule Bohora alitoka Leicester, Uingereza. Mama amenisimulia kwamba baba nusura asiende. Alikuwa na haya ya miaka kumi na miwili. Kwa upande wa fiqhi, aliyewekewa amana hailipi ikiwa imeporwa bila uzembe wake, na baba alilijua hilo. Alikwenda na ufunguo na daftari la hesabu, akaviweka mezani mbele ya watu wote, akaomba radhi. Mwenzake alisoma daftari ukurasa kwa ukurasa. Kisha akarudisha ufunguo. "Kaa nao wewe, mimi sina mlango."

Miaka ya tisini serikali ya Uganda ilirudisha majengo mengi kwa wenyewe, lakini duka lile lilikuwa la kupanga, kwa hiyo hakukuwa na cha kudai.

Wote wawili wametangulia mbele ya haki, Mwenyezi Mungu awarehemu. Ufunguo niliukuta kwenye sanduku la baba, umefungwa kwa kitambaa pamoja na kikaratasi chenye jina la mwenyewe. Amana haikuwa yangu. Nikamwandikia binti yake Leicester, na Shawwal iliyopita alikuja na wanawe wawili. Nilimkabidhi baada ya sala ya Alasiri. Mzee wa kwenye kiti cha magurudumu akaomba auone, akaugeuza geuza mkononi, akacheka. Alikuwa amefika duka lile mwaka 1970, akasema, na ufunguo huu ulikuwa haufungui mpaka uinue mlango kidogo kwa goti. Wajukuu wa Leicester wakamtaka awaonyeshe vipi, na yeye hawezi kusimama, basi nikasimama mimi nikawaonyesha.