Buti la Baba Mguuni pa Mama

Leo sitasema juu ya mbolea wala nafasi ya kupandia. Nataka tuzungumze juu ya nguo za shamba, na hasa nguo za kazi za akina mama. Na wewe baba uliyeketi hapo usiondoke, huenda buti nitakalolisema ni lako.

Wakati mmoja wa masika nilipita kwenye majaruba ya mpunga, nikamkuta mama mmoja anatembea juu ya kingo za jaruba kwa kuburuta miguu kama mtu aliyefungwa pingu. Kavaa mabuti ya mpira. Nikamwuliza, "Mama, unaumwa mguu?" Akacheka. Akavua buti moja akanionyesha ndani: matambara matupu. Buti lilikuwa la mumewe, namba kumi, na mguu wake yeye ni namba tano. Tofauti ya hapo ni karibu sentimita 4. Akaniambia, "Nikiyavaa naanguka. Nisipoyavaa nachomwa na miiba, na kichocho kinanipata. Sasa mwanangu, wewe wa redio, niambie nifanye lipi."

Sikuwa na jibu. Nimelitafuta baadaye katika vitabu vya historia, na nimeona kwamba swali la mama yule limeulizwa katika nchi nyingi, na mara nyingi limejibiwa na watu ambao hawakupata kulima.

Tuanze hapa kwetu. Mtu akiazimia kufanya kazi kwa bidii tunasema amejifunga kibwebwe. Hata mwanamume husemwa hivyo, hata mbunge. Lakini kibwebwe si maneno tu. Ni kitambaa ambacho mwanamke hukikaza kiunoni kabla ya kushika jembe ili nguo isimfunguke, na wenyewe wanajua kinavyousaidia mgongo. Hilo ndilo vazi la kazi la akina mama, na ni la kale.

Karne ya 19 nguo ya watu wa kazi huku pwani ilikuwa merikani, kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi kilichokuja kwa meli kutoka Marekani, na jina lake mpaka leo linatoa ushahidi. Kikitiwa rangi ya nili kinakuwa kaniki. Wanawake wengi waliokuwa watumwa walivaa nguo za namna hiyo kwa sababu ndizo walizopewa. Hali ya utumwa ilipofutwa kisheria huko Unguja mwaka 1897, wengi waliitua kaniki kama mtu anavyotua mzigo wa kuni, wakavaa kanga, nguo ya mtu huru. Lakini shambani kaniki haikutoka. Haionyeshi matope, na ikichanika haimwumizi mtu roho.

Sasa angalieni jambo moja. Vazi la kujifunga halina namba. Mnene, mwembamba, mjamzito, aliyejifungua juzi, kitambaa ni kilekile na kinamfuata mwenye mwili. Kwa hiyo bibi zetu hawakuwa na shida ya nguo isiyowatosha. Shida ilianza zilipokuja kinga za kiwandani: buti, ovaroli, glavu. Hizo hazikufuati wewe, bali wewe ndiye unayetakiwa uzifuate zenyewe.

Tulichukue buti. Mpira mbichi hulainika juani na kukakamaa kwenye baridi, kwa hiyo zamani haukufaa kwa viatu vya kazi. Mwaka 1844 Mmarekani Charles Goodyear alipewa hakimiliki ya njia ya kuupika pamoja na salfa hata ukawa imara na wa kunyumbuka. Mwaka 1853 Mmarekani mwingine, Hiram Hutchinson, alifungua kiwanda huko Ufaransa cha mabuti ya mpira, na wakulima wa kule waliokuwa wakivaa viatu vya mti wakayakimbilia. Ikaja Vita Kuu ya Kwanza, 1914 mpaka 1918. Askari wa Uingereza walikaa ndani ya mahandaki yenye maji hata miguu ikaanza kuoza, na kiwanda kimoja cha mjini Edinburgh kikawatengenezea mabuti zaidi ya jozi milioni moja. Na kiwanda, ndugu zangu, hakiangalii mguu wako. Kina umbo la mguu lililochongwa, na mpira unatandikwa juu yake. Kwa miaka mingi umbo hilo lilikuwa mguu wa mwanamume. Mguu wa mwanamke si mguu wa mwanamume uliopunguzwa urefu. Kisigino chake kwa kawaida ni chembamba zaidi ukilinganisha na upana wa mbele. Ndiyo maana hata akipata buti la kiume la urefu wake, nyuma linacheza.

Vita hivyohivyo ndivyo vilivyowapeleka wanawake wa Uingereza mashambani kwa maelfu. Wanaume wamekwenda kupigana, chakula kinapungua, meli zinazamishwa. Mwaka 1917 serikali ikaunda Jeshi la Wanawake la Mashamba. Halikuwa la bunduki, lilikuwa la majembe, maziwa na farasi. Kila msichana alipewa vazi: buti, soksi ndefu, kofia, koti lililofika magotini, na suruali iliyofungwa chini ya goti. Suruali! Wazee wa vijiji walishtuka. Mwongozo waliopewa wasichana wale uliwakumbusha kwamba kwa kuwa wamevaa kiume, basi waangalie sana mwenendo wao. Kazi ni ya mwanamume, suruali ni ya mwanamume, na lawama ndiyo ya mwanamke.

Msicheke, maana hata sisi tumepita huko. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi na suruali za kubana, ianze kutumika Januari 1969. Mjadala ule ulikuwa wa mjini. Sidhani kama kuna aliyeuliza mwanamke anayepulizia pamba dawa avae nini.

Vita vya pili vilipokaribia, jeshi lile la mashamba likaundwa tena mwaka 1939, na wakati wa kilele chake lilikuwa na wanawake wapatao 80,000. Safari hii vazi lilikuwa bora zaidi: ovaroli, sweta la kijani, na mabuti ya mpira kwa kazi za matope. Lakini mwanzoni mwa 1942 Wajapani waliteka Malaya, mpira ukawa adimu, na mabuti yakawa ya kutolewa kwa kuhesabu. Hapo historia ya buti inatugusa wenyewe. Mashamba ya zamani ya mpira hapa Tanganyika yalifufuliwa, na watu wetu wakakamatwa kwa amri ya serikali ya kikoloni wakagemee mpira wa vita. Waliougema wengi wao walikuwa pekupeku.

Wasichana wale wa Uingereza hawakulipwa vizuri baadaye. Serikali ilikataa kuwapa kiinua mgongo kama walichopewa wa majeshi mengine, na kiongozi wao, Gertrude Denman, akajiuzulu Februari 1945 kwa sababu hiyo. Jeshi lilivunjwa mwaka 1950. Waliobaki hai walipewa beji ya shukrani mwaka 2008, wakiwa vikongwe.

Marekani ndiko alikopatikana mtu aliyekaa chini akafikiri juu ya nguo yenyewe. Wizara ya Kilimo ya huko ilikuwa na idara ya mambo ya nyumbani, na humo alikuwamo mtaalamu wa mishono aitwaye Clarice Scott. Mwaka 1942 wizara ilitoa kijitabu chake kwa wakulima kuhusu nguo za kazi za wanawake. Bibi huyu hakuichukua nguo ya kiume akaipunguza. Alianza na kazi: mkono unanyanyuka mpaka wapi, mgongo unainama vipi, mfukoni kunatiwa nini. Akatia marinda nyuma ya mabega ili mtu akinyoosha mikono nguo isimvute. Akaondoa kila kinachoning'inia kikaweza kunaswa na mashine. Akakumbuka hata jambo ambalo wanaume hawalifikirii, kwamba ovaroli ya kipande kimoja inamlazimisha mwanamke avue yote anapokwenda haja.

Idara hiyohiyo, kati ya 1939 na 1940, ilikuwa imewapima wanawake karibu 15,000, kila mmoja vipimo 59. Matokeo yalichapishwa 1941, na mwaka 1958 yakawa msingi wa namba rasmi za nguo za wanawake nchini humo. Kazi kubwa, tena nzuri. Lakini wanawake wasio wazungu waliokuwamo katika vikundi vile walipimwa, kisha vipimo vyao vikaachwa nje ya hesabu. Kwa hiyo namba zile zilitoka katika miili ya wanawake weupe peke yao. Kiwango hicho kilifutwa 1983, na siku hizi kila kampuni ina namba zake. Ukienda mnadani kununua mitumba, usiiamini karatasi ya shingoni. Jipime.

Na tusidhani wenzetu wa Ulaya wamekwisha kulimaliza tatizo. Taarifa ya shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Uingereza ya mwaka 2017 ilieleza kwamba kati ya wanawake 10 waliovaa vifaa vya kinga kazini, hawakufika 3 waliosema vifaa vyao vimetengenezwa kwa ajili ya wanawake.

Sasa nifike kwenye jambo linalonitia hofu kuliko buti. Ni dawa za wadudu. Buti likikupwaya unaanguka, unainuka. Glavu ikikupwaya dawa inatiririka mpaka ndani na kukaa juu ya ngozi, na hapo ni vibaya kuliko mkono mtupu, maana mkono mtupu utaunawa. Kanga nayo, pamoja na heshima zake zote, ikilowa dawa inaishika na kuibandika pajani na tumboni, sehemu ambazo ngozi yake hupitisha sumu upesi. Tena mama mwenyewe huenda hakushika bomba. Alichota maji ya kuchanganyia, akafua nguo za aliyepuliza, jioni akambeba mtoto kwa kanga ileile.

Dawa kama DDT na endosalfani, zilizopulizwa sana katika pamba miaka ya 1970, zimekwisha kuondolewa katika kilimo kwa mapatano ya mataifa. Mwaka 1985 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilipitisha kanuni za matumizi ya dawa hizi, na humo mna sentensi moja ambayo ningependa ibandikwe katika kila duka la pembejeo. Inasema, kwa maneno yangu, kwamba dawa inayohitaji mavazi ya kinga yenye kero na gharama kubwa iepukwe, hasa kwa mkulima mdogo wa nchi za joto. Maana yake usianze kwa kuuliza nitavaa nini. Anza kwa kumwuliza bwana shamba au bibi shamba kama ipo dawa isiyo kali kiasi hicho, au kama wadudu wenyewe wamefikia kiasi cha kupulizwa.

Wale mnaofanya kazi katika mashamba ya watu, ya chai au maua, mnazo sheria: Tanzania ya mwaka 2003 na Kenya ya mwaka 2007, za usalama na afya kazini. Kutoa vifaa vya kinga ni juu ya mwajiri, na ile ya Kenya inadai viwe vya kufaa. Buti namba kumi kwa mguu wa namba tano halifai, sema hivyo bila woga. Lakini mkulima mdogo ni mwajiri wake mwenyewe, na sheria haimnunulii kitu.

Basi mama, nenda kwa fundi cherehani wa kijijini. Mwambie akushonee vipande viwili, shati la mikono mirefu na suruali, kwa kaki au pamba nzito. Mwombe marinda mawili mgongoni, moja kila bega. Nguo ikiwa tayari usiilipie kabla hujachuchumaa nayo, hujainama mpaka chini, na hujanyanyua mikono kama unayechuma embe. Ukitaka kuvaa kanga juu ya suruali unapopalilia, vaa. Siku ya dawa iache nyumbani. Miguu ya suruali iwe nje ya buti, isiingizwe ndani, dawa isije ikatelemkia humo. Ukipuliza mimea mifupi, mikono ya shati ifunike glavu. Ukipuliza miti iliyokuzidi kimo, glavu ndizo zifunike shati. Glavu ziwe za mpira, si za kitambaa, na kidole kifike karibu na ncha. Nguo za dawa zifuliwe peke yake, mbali na za mtoto.

Buti ndilo gumu, maana fundi hawezi kulishona. Mwenye duka huleta namba kubwa kwa kuwa ndizo wanaume wanazonunua, na akina mama wakiingia mmojammoja anawaambia namba ndogo hazitoki. Akina mama ishirini wa chama kimoja wakienda na orodha moja, hayo hawezi kuwaambia. Pimeni miguu jioni, baada ya kazi, maana mguu huvimba kidogo kwa kutwa, na mvae soksi mtakazovalia buti. Simama juu ya karatasi, mwenzako akuzungushie kalamu miguu yote miwili. Mguu mkubwa ndio wa kufuata. Andikeni majina, karatasi zote zifungwe pamoja, na mwenyekiti wa chama azipeleke dukani kabla ya masika, si masika yakiwa yameingia.