Mizani Nane, Mioyo Miwili

Nilipokuwa nikifundisha Kiswahili katika shule moja ya sekondari huko Kibaha, nilikuwa na mazoea ambayo leo nayaonea haya. Kila tulipofika kwenye ushairi nilihesabu kama karani anayehesabu magunia ghalani: beti ngapi, mishororo mingapi, mizani mingapi, vina vya namna gani. Aliyehesabu sawasawa alipata alama zake, na somo likaishia hapo. Siku moja, tulipokuwa tukisoma tenzi za vita, msichana mmoja aliyekaa nyuma alinyosha mkono akauliza, "Mwalimu, huyu mtunzi analia au anafurahi?" Darasa zima likacheka. Nami nikamjibu kwamba swali hilo halimo katika mtihani.

Jibu langu lilikuwa la mtu asiyejua. Tena lilikuwa la aibu zaidi kwa sababu mimi ni mzaliwa wa Kisarawe, na vita vilivyosimuliwa katika tenzi zile vilipita katika ardhi ya babu zangu.

Kwanza tuvikumbuke vita vyenyewe. Mnamo Agosti 1888 kampuni ya Wajerumani ilianza kushika utawala wa miji ya pwani yetu, ambayo hapo awali ilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Watu wa pwani wakakataa. Bushiri bin Salim akawa jina kubwa la vita hivyo upande wa Pangani na Bagamoyo, na Bwana Heri upande wa Saadani. Kule Pugu, kwenye vilima vilivyo mlangoni mwa Kisarawe, wamisionari Wabenediktini walikuwa wamejenga kituo chao mwaka 1888. Januari 1889 kituo hicho kilishambuliwa, baadhi yao wakauawa na wengine wakachukuliwa mateka. Serikali ya Ujerumani ikamleta Hermann von Wissmann na jeshi lake, na tarehe 15 Desemba 1889 Bushiri akanyongwa Pangani.

Miaka kumi na sita ikapita. Tangu mwaka 1902 Wajerumani walikuwa wamewalazimisha watu kulima pamba katika mashamba ya pamoja, na Uzaramo haukusalimika. Malipo yalikuwa madogo kiasi kwamba wengine walikataa hata kuyapokea. Julai 1905 Wamatumbi waliing'oa pamba, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Agosti mwaka huo huo Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa, lakini habari za maji yake zilikuwa zimekwisha kutangulia. Kwetu Kisarawe, Kibasila wa Kisangire, mzee wa Kizaramo aliyeipinga pamba, naye alinyongwa na Wajerumani. Leo Dar es Salaam ina shule ya sekondari yenye jina lake, na sijui ni wanafunzi wangapi wanaopita langoni mwake wanaomfahamu.

Sasa tuwatazame watunzi wawili. Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, mwanachuoni wa pwani ya Tanga, alitunga utenzi juu ya vita vya Wadachi kutamalaki Mrima, vita vya mwaka 1307 wa Hijra. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alitunga utenzi wa Vita vya Maji Maji. Ukizihesabu kama nilivyokuwa nikihesabu mimi, tenzi hizi ni mapacha. Kila ubeti una vipande vinne, kila kipande mizani nane. Vipande vitatu vya kwanza vina kina kimoja, na kipande cha nne kina kina kinachopita kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Kama umbo pekee lingetosha kutuonyesha moyo, basi wazee hawa wawili wangekuwa na moyo mmoja. La hasha!

Hemedi hakuanzia ushairi kwenye vita vya Wadachi. Ndiye aliyetunga Utenzi wa Abdirrahmani na Sufiyani, kisa cha mashujaa wa siku za Mtume. Ulimi wake ulikuwa umekwisha kuzoea kusimulia majemedari wanaoitana uwanjani, wanaotishana kabla ya kupigana, wanaojibizana neno kwa neno. Wadachi walipokuja, chungu kile kile alichopikia habari za Uarabuni akakiteleka tena jikoni kwake mwenyewe. Ndiyo maana utenzi wake umejaa mazungumzo, mtu huyu akisema na yule akijibu, kama watu waliokaa barazani. Na mtu unayempa nafasi ya kujibu ni mtu unayemheshimu. Watu wa Mrima hawasimuliwi kama kundi lililopigwa. Wanasimama na kusema. Hivyo hata tunapojua kwamba watashindwa, tunaisikia ghadhabu yao na fahari yao. Msiba umo, lakini ni msiba wa mtu aliyenyang'anywa kilicho chake.

Abdul Karim alikuwa mahali pengine kabisa. Alikuwa mtu wa mjini, Mwislamu wa pwani, akiishi Lindi chini ya utawala ambao bomani mwake ulikuwa na bunduki na kamba. Vita hivi vilitoka bara, kwa watu wenye imani isiyokuwa yake. Kwa hiyo maji ya uganga hakuyaona kama silaha ya umoja tunavyofundishwa leo. Kwake yeye yalikuwa udanganyifu uliowapeleka watu kwenye mauti. Mizani ni ile ile nane, lakini sauti ni ya mtu anayesimulia ajali aliyokwisha kuiona mwisho wake: lawama kwa waliodanganya, huruma kwa waliodanganyika, na tahadhari kwa wanaosikiliza. Kile kina cha mwisho kinachorudi kila ubeti, ambacho kwa Hemedi ni kama kitikio cha watu wanaoitikiana, kwa Abdul Karim nakisikia kama mtu anayerudia kutikisa kichwa.

Zamani ningemwita kibaraka. Nilipokuwa kijana tulipenda sana neno hilo. Lakini tukumbuke yaliyotokea: mashamba yalichomwa, vyakula vikateketezwa, njaa ikafuata, na waandishi wa historia hukadiria kuwa waliokufa walikuwa kati ya 75,000 na 300,000. Mtu aliyetunga wakati majivu hayajapoa hawezi kuandika kama sisi tuliokuja baada ya uhuru.

Uhuru ulipopatikana, Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, alikirudia kisa hicho hicho katika tamthilia yake ya Kinjeketile ya mwaka 1969. Yeye, ambaye hata katika mashairi yake hakujifunga kwenye vina, aliacha mizani ya utenzi na kumweka Kinjeketile jukwaani akiwa na shaka ndani ya nafsi yake. Utenzi husimulia mtu kwa nje, mbele ya hadhira. Tamthilia iliweza kumwingia rohoni. Hapo swali la maji, kwamba ni kweli au ni uwongo, halikuachwa tena kwa mganga na mtawala peke yao.

Kutoka kwa watatu hawa nimejifunza kwamba mtindo si kanzu ambayo mtunzi humvalisha mtu yeyote. Ni mahali aliposimama anapotazama. Kwa hiyo mwanafunzi anayeutumia utenzi kama ushahidi wa historia hana budi ahesabu mizani, naam, kisha aulize: huyu alikuwa wapi, na anampa nani nafasi ya kusema?

Nami ninapouliza hivyo, narudi nyumbani nikiwa na simanzi. Tanga walikuwa na Hemedi, Lindi walikuwa na Abdul Karim. Sijapata kusoma utenzi wa mtu aliyesimama Kisangire siku alipochukuliwa Kibasila. Babu yangu, ambaye wakati wa Maji Maji alikuwa mtoto, hakutunga hata ubeti mmoja. Alilima muhogo, alipanda mikorosho, lakini pamba hakuiruhusu iote hata nyuma ya choo. Tulipomwuliza sababu, alinyamaza na kuendelea kupalilia. Nilidhani ni ubishi wa uzee. Leo naamini kuwa ile nayo ilikuwa namna yake ya kusimulia, na mimi, mwalimu wa ushairi, sikuisoma.

Yule msichana wa Kibaha sasa atakuwa mtu mzima, pengine ana wajukuu. Kama maneno haya yatamfikia, basi jibu nililomnyima ni hili: wote wawili wanalia, mwanangu. Hemedi analia huku amekunja ngumi, Abdul Karim analia huku ameinamisha uso. Swali lako lilistahili alama zote.