Mbiru: Kikao Kilichokosa Masikio

Leo ukisema fulani na fulani wana njama, umewatuhumu. Katika dola ya kale ya Ugweno, kaskazini mwa milima ya Upare, wilaya ya Mwanga ya sasa, wanjama walikuwa washauri wa mtawala, na kuketi nao kujadili mambo ya nchi hakukuwa hila. Nakumbuka neno hilo kila ninaposikia semina za kuendesha vikao kazini zikitolewa kana kwamba ujuzi huo umeletwa na projekta. Zinafundisha kutunza muda, kugawa zamu za kusema na kuandika muhtasari. Sawa, lakini ugonjwa hauko hapo. Kikao huharibika pale anayekiendesha anapokuja na uamuzi mfukoni akitafuta mashahidi tu, na Upare wa miaka ya 1940 unalionyesha hilo vizuri kuliko semina yoyote.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni na baraza la machifu wa Upare walianzisha kodi iliyokadiriwa kwa mali ya mtu, wakaiita mbiru, jina la ushuru wa kale, labda ili ionekane ya nyumbani. Wakadiriaji wakapita, jirani akaandikiwa kuliko jirani, na watu wakabaki wakiuliza hesabu hiyo imefanywaje. Mapema mwaka 1945 maelfu ya wanaume wakateremka hadi Same, makao ya wilaya, wakapiga kambi wakidai mbiru iondolewe. Wakaambiwa warudi makwao, malalamiko wayapeleke kwa machifu wao. Yaani wakashtaki kwa walewale waliopitisha kodi! Kambi haikuvunjika, na mgogoro ukavuka mwaka.

Kuna atakayesema hilo lilikuwa suala la fedha na dhuluma ya ukoloni, si la ufundi wa vikao. Ukoloni ulikuwa dhuluma, hilo halina ubishi. Ila Wapare walikuwa wamelipa kodi ya kichwa kwa miaka mingi bila kuhamia Same. Kilichowatoa majumbani ni ukadiriaji usioelezeka na kukosa pa kuuliza. Mwendesha kikao hodari angeanza na swali hilo la hesabu. Tazama karatasi ya ajenda ya ofisi nyingi leo: kufungua kikao, kusoma muhtasari uliopita, yatokanayo, taarifa ya mkuu, na chini kabisa, watu wakiwa wameshashika funguo, Mengineyo. Swali linalowakera wafanyakazi huwa limelala hapo.

Msaragambo, kazi ya pamoja ya Wapare ya kuchimba mfereji, kutengeneza barabara au kuzibua ndiva, bwawa dogo linalojazwa maji usiku na kufunguliwa asubuhi, ulikuwa na kipimo chake cha ridhaa. Kulikuwa na adhabu kwa mtoro, lakini huwezi kutoza faini kijiji kizima. Aliyeitisha kazi alijua asubuhi ileile, kwa idadi ya majembe, kama watu walikubali kweli au walinyamaza tu. Ofisini ukimya huandikwa kwenye muhtasari kuwa wajumbe wameridhia. Ndiyo maana naona bosi asiongoze kikao ambacho uamuzi wake mwenyewe unajadiliwa. Amwachie mwingine kiti, naye aketi ajibu maswali kama wenzake.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mabaraza ya wazee hayakuwa pepo: yalikwenda polepole, na sauti za vijana na wanawake hazikuwa na uzito wa sauti za wazee. Nalikubali, na hapo ndipo siwezi kumfuata anayetaka turudi chini ya mti na kuiita hiyo demokrasia. Hata mbiru ilitikiswa na watu wasio na kiti. Mwaka 1946, wanaume wakiwa bado Same, mamia ya wanawake wa Usangi walikwenda kwa chifu alikofikia afisa wa serikali, wakaizingira nyumba. Dai lao bado husimuliwa Upare kwa kicheko kidogo: mgogoro wa kodi umalizwe waume zao warudi, la sivyo maafisa wenyewe wawape mimba. Hawakuwa wajumbe wa baraza wala hawakuandikwa kwenye ajenda. Kwa lugha ya ofisi, walikuwa Mengineyo. Kufikia 1947 mbiru ilikuwa imefutwa.