Maneno ya Hati za Bima ya Moto na Taabu ya Kuyatafuta

Bima ya nyumba dhidi ya moto, kwa namna ijulikanavyo leo, ilipata asili yake katika mji wa London, baada ya moto mkubwa wa Septemba 1666 ulioteketeza nyumba zipatazo 13,200 na makanisa 87. Wapangaji wengi walikuwa wamefungwa na mikataba ya kuzitengeneza nyumba walizokaa, na nyumba ilipokuwa majivu mkataba ulibaki pale pale. Ilibidi Bunge liunde mahakama maalumu ya kuamua nani, mwenye nyumba au mpangaji, atabeba gharama ya kujenga upya. Mnamo mwaka wa 1680 Nicholas Barbon, tabibu aliyegeukia kazi ya kujenga majumba, alifungua ofisi ya kukatia nyumba bima. Nyumba ya mbao ilitozwa mara mbili ya nyumba ya matofali. Mwaka wa 1710 ikaanzishwa Sun Fire Office, iliyotokana na mpango wa Charles Povey wa kukatia bima vyombo na bidhaa pamoja na majengo.

Ofisi hiyo iliandika kila hati katika daftari kubwa. Madaftari yake ya tangu 1710 hata 1863 yamehifadhiwa London katika nyaraka za mji, nayo yamepangwa kwa nambari za hati, wala si kwa majina ya watu au mitaa. Kwa hiyo, kwa muda mrefu, aliyetaka habari za nyumba moja alilazimika kupekua kurasa maelfu. Katika karne ya 20 ilitengenezwa kwa kompyuta faharasa ya miaka 1775 hadi 1787. Na mwanzoni mwa karne ya 21 watu wa kujitolea walianza faharasa ya madaftari ya London ya miaka 1793 hadi 1839, ambayo iliwekwa mtandaoni. Leo mtafiti huandika jina la mtaa katika hifadhidata, na mara huletewa mafundi, wauzaji na wajane waliokata bima mahali hapo. Hata hivyo faharasa hiyo yatoa jina, kazi na mahali. Kiasi cha fedha na maelezo ya mali yamo katika daftari lenyewe.

Lililo gumu zaidi ni kujua bima hiyo ilimkinga mtu na nini. Jawabu la swali hili limo katika hukumu za mahakama, nazo pia, hata zile za karne ya 18, zapatikana siku hizi mtandaoni. Hapa ndipo mtafutaji asiye mwangalifu hupotea, kwa maana mashine humletea neno aliloliandika, na jambo lile lile huenda liliitwa kwa jina jingine katika hati nyingine.

Mfano ulio wazi ni wa kesi mbili. Mwaka wa 1766 watu wa mji wa Norwich, wakiwa wameghadhibishwa na bei ya vyakula, waliichoma nyumba ya kutengenezea kimea. Bwana Drinkwater aliyekuwa na bima alidai fidia kwa London Assurance. Hati yake iliondoa katika kinga moto uliosababishwa na uvamizi, adui wa nje, au nguvu za kijeshi au za unyakuzi wa mamlaka. Mwaka wa 1767 wengi wa majaji waliamua kwamba unyakuzi wa mamlaka maana yake ni uasi dhidi ya dola. Kundi la watu wenye njaa halikuwa limenyakua mamlaka yoyote. Drinkwater akashinda.

Mnamo Juni 1780 zikazuka London ghasia za watu waliopinga sheria ya kuwapunguzia Wakatoliki vikwazo. Kiwanda cha pombe kali cha Bwana Langdale, Mkatoliki wa Holborn, kiliteketezwa. Yeye alikuwa na hati ya Sun Fire Office, na hati hiyo, pamoja na maneno ya unyakuzi wa mamlaka, ilitaja pia machafuko ya raia. Lord Mansfield, jaji ambaye nyumba yake mwenyewe na maktaba yake vilichomwa katika ghasia hizo hizo, alieleza kwamba machafuko ya raia ni kuinuka kwa watu kwa kusudi la jumla, ingawa jambo halijafikia uasi. Langdale akashindwa.

Basi, atafutaye hukumu kwa maneno ya hati ya Norwich peke yake aweza kuondoka akiamini kwamba moto wa ghasia hulipwa. Na atafutaye kwa maneno ya hati ya Holborn ataamini kwamba haulipwi kamwe. Wote wawili watakuwa wamesoma nusu ya habari.

Jambo hili lahusu Afrika Mashariki pia. Sheria ya Kenya ilipokea sheria ya kawaida ya Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897, na ya Tanganyika kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Hukumu za 1767 na 1780 ni za kabla ya tarehe hizo zote mbili. Wakati wa machafuko ya Kenya ya 2007 na 2008, wafanyabiashara wengi waliochomewa maduka walikuta kwamba hati zao hazikukinga hasara itokanayo na ghasia za kisiasa.

Tanzania, kwa sheria ya mwaka 2021, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Neno bima lenyewe, ambalo limo pia katika Kiajemi na Kihindi, halina utata. Lakini fujo, ghasia, machafuko, maasi na uasi hutumiwa katika mazungumzo kama maneno ya maana moja, na mfasiri mmoja akiandika ghasia mahali ambapo mwenziwe ameandika machafuko, hukumu mbili za jambo moja hazitakutana katika hifadhidata. Wanaotunga istilahi za sheria wanapaswa kuyawekea maneno hayo mipaka mapema, kwa sababu juu ya tofauti ya fujo na uasi mwenye nyumba iliyoungua hulipwa, au huondoka mikono mitupu.