Waliochukua Wagonjwa: Habari za Vitongoji vya Dar es Salaam

Katika Torati mwaka wa jubilei ulikuwa mwaka wa kurudi nyumbani. Aliyetengwa na jamaa zake alirudishwa kwao. Basi sisi tunaoshangilia jubilei ya jimbo letu twapenda kuandika habari za ndugu ambao mara nyingi hawatajwi tunapohesabu makanisa na mashule: vipofu, viziwi, viwete na wagonjwa wa vitongoji vya Dar es Salaam, toka Kinondoni hata Temeke na Mbagala. Tena twataka kuonyesha neno moja tunaloliona katika habari zao zote, ya kwamba dawa peke yake haikutosha kamwe. Walihitajiwa watu wa kumchukua mgonjwa, kama wale wanne waliomchukua mwenye kupooza kule Kafarnaumu, wakatoboa dari ili wamfikishe.

Watawa Wabenedikto walifika Pugu mwaka wa 1888. Mwezi wa Januari 1889, wakati wa vita vya pwani, misheni yao ilishambuliwa, na baadhi yao wakauawa. Ndipo kazi ikahamia Dar es Salaam. Mwaka wa 1897 mji ukapata hospitali iliyojengwa kwa mali ya Sewa Haji, mfanyabiashara wa Bagamoyo. Huyu hakuwa Mkristo, bali Mwislamu wa Kiismailia, naye alitaka wenyeji na Wahindi wapate mahali pa kutibiwa. Jambo hili halifai kusahauliwa na Wakristo. Hospitali hiyo ilitumika miaka mingi, hata mwaka wa 1956 ilipofunguliwa hospitali mpya ya Princess Margaret, ambayo ndiyo Muhimbili ya leo.

Walakini mji ulikua upesi kuliko njia zake. Mwaka wa 1967 watu walihesabiwa 272,821. Mwaka wa 2012 wakawa 4,364,541. Wengi walijenga Magomeni, Manzese, Temeke na Mbagala, na hospitali kubwa zikabaki katikati ya mji. Kwa mwenye miguu mizima umbali huo ni nauli ya basi tu. Kwa mama mwenye kumbeba mgongoni mtoto wa miaka minane asiyeweza kutembea, ni kazi ya siku nzima. Ndipo wengine wakaona heri kumweka mtoto ndani: huyu kwa aibu, yule kwa kusadiki kuwa ni laana, na mwingine kwa uchovu na umaskini tu. Majirani wakamhukumu mama, wala hawakuuliza ni nani angemsaidia kumchukua.

Kadhalika masomo yalikuwa mbali. Shule ya vipofu ya Buigiri, karibu na Dodoma, ilianzishwa na Kanisa la Anglikana mwaka wa 1950. Na shule ya viziwi ya Tabora ikaanzishwa na Kanisa Katoliki mwaka wa 1963. Zilikuwa kazi njema sana, lakini mtoto wa Temeke alipaswa kuachana na mama yake ili ajifunze kusoma. Mwaka wa 1974 ikafunguliwa shule ya viziwi ya Buguruni, ndani ya mji wenyewe. Nao Jeshi la Wokovu wakafungua shule ya Matumaini huko Kurasini, wilayani Temeke, kwa watoto wenye ulemavu wa viungo, miongoni mwao waliopoozeshwa na polio. Ugonjwa huo ulizuiwa kwa chanjo, na mgonjwa wa mwisho wa virusi vya asili vya polio alionekana nchini mwaka wa 1996.

Hata mwaka wa 1992, UKIMWI ulipokuwa ukiua wengi, na dawa za kuurefusha uhai hazijafika kwetu, kikundi kidogo cha watu wenye virusi kilianzisha PASADA katika Jimbo Kuu la Dar es Salaam; makao yake yakawa Temeke. Angalieni ajabu yake: wagonjwa wenyewe ndio waliokuwa wachukuzi. Watu wa kujitolea wakaenda nyumba kwa nyumba kuwatunza waliolala kitandani.

Mwaka wa 1994 likaanzishwa shirika la CCBRT, ambalo hospitali yake ipo Msasani, wilayani Kinondoni. Tutoe mfano mmoja wa kazi yake. Mtoto aliyezaliwa na miguu ya kupinda hufungwa plasta ngumu. Kila juma mguu hunyooshwa kidogo na kufungwa upya. Baada ya majuma kadha ukano wa kisigino hukatwa, kisha mtoto huvaa viatu vilivyounganishwa kwa chuma, hasa usiku, mpaka apate miaka minne hivi. Katika hayo yote kazi ya daktari ni fupi. Kazi ya mama ni kurudi kila juma. Akikosa nauli, mguu huweza kurudi ulivyokuwa.

Jambo la nauli lilionekana wazi zaidi kwa wanawake wenye fistula, walioumia katika uchungu wa kuzaa uliokawia, hata mkojo ukawatoka bila kizuizi. Matibabu yao yalikuwapo, lakini wengi hawakuyafikia. Mwaka wa 2009 CCBRT ikaanza kutuma fedha za safari kwa simu, kwa njia ya M-Pesa. Mtu wa kuaminika huzipokea, akamkatia mgonjwa tiketi ya basi. Basi uponyaji wa wengi ulikuwa umezuiliwa na tiketi.

Serikali nayo iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka wa 2009, na mwaka wa 2010 Bunge likatunga sheria ya kuwalinda. Lakini sheria haibishi hodi katika nyumba ya mtu.

Uchunguzi uliofanywa nchini mwaka wa 2008 ulionyesha kuwa katika kila watu 100 wenye umri wa miaka 7 na zaidi, karibu 8 wana ulemavu. Kwa kipimo hicho, kanisa lenye waumini 500 wa umri huo lingekuwa nao 40 hivi. Basi, walimu wapendwa, nanyi viongozi wa jumuiya, hesabuni Jumapili ijayo, na shuleni siku ya Jumatatu. Wapo wangapi? Wasiopo wako wapi? Na anayeijua nyumba ambamo mmoja wao amebaki ndani, asiende peke yake. Na achukue wengine watatu.