Ripoti za Ajali za Reli na Haki ya Kuzisoma

Ripoti ya uchunguzi wa ajali ya reli ni hati ya serikali, au ya tume iliyoteuliwa na serikali, inayoeleza treni ilipataje ajali, breki na njia zilikuwa katika hali gani, nani alikuwa zamu, na kitu gani kirekebishwe. Uingereza ilianza kuwa na wakaguzi wa reli mwaka 1840. Marekani ilitunga sheria ya ripoti za ajali mwaka 1910, na ripoti zilizoandikwa tangu 1911 husomwa bure katika maktaba ya mtandaoni ya wizara yake ya uchukuzi. Sheria hiyo ilikataza ripoti kutumiwa mahakamani kama ushahidi katika madai ya fidia. Lilikuwa katazo la busara, maana mchunguzi asiyeogopa kesi huandika alichokiona.

Usafiri wa anga wa kiraia una kanuni ya kimataifa inayotaka ajali ichunguzwe na ripoti itolewe. Reli haina mkataba wa namna hiyo unaozibana nchi zote. Kila nchi hufuata sheria zake. Nchini Malawi tofauti kati ya anga na reli inaonekana hata kwa ndege ya jeshi, ambayo kanuni hiyo haiibani. Ndege ya jeshi iliyomchukua Makamu wa Rais Saulos Chilima ilipoanguka katika msitu wa Chikangawa tarehe 10 Juni 2024, ikaua watu wote tisa waliokuwamo, wachunguzi wa Ujerumani, nchi ilikotengenezwa ndege hiyo, walitoa ripoti ya awali mwezi Agosti. Desemba ikafuata ripoti ya tume ya Jaji Jabbar Alide. Treni ya mizigo ikiacha njia katika reli ya Lilongwe hadi Mchinji, mwananchi hana pa kutarajia ripoti kama hizo bila kuziomba.

Na mlango wa kuomba upo. Kifungu cha 37 cha Katiba ya Malawi kinatoa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola, kadiri mtu anavyozihitaji ili kutumia haki zake. Sheria ya kuitekeleza haki hiyo ilipitishwa na Bunge Desemba 2016, ikatiwa saini mwaka 2017, lakini ikaanza kutumika 30 Septemba 2020 tu. Kusubiri huko kulikuwa kurefu mno. Usimamizi wa sheria hiyo umekabidhiwa Tume ya Haki za Binadamu.

Katiba inasema "kila mtu", haisemi kila raia. Sheria za Kenya, Uganda na Tanzania zimeifungia haki hii kwa raia. Kwa wakimbizi wa Dzaleka, wilayani Dowa, tofauti hiyo si ndogo. Kambi ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza la wafungwa wa kisiasa wa enzi ya Rais Kamuzu Banda, na leo ina watu zaidi ya 50,000, wengi wao Wakongo, Warundi na Wanyarwanda, na Kiswahili kinasikika kila kona. Wanatoka katika nchi zenye makovu ya reli au zinazopakana nazo: mkoani Tanganyika, Kongo, treni ilianguka Mayibaridi Septemba 2019 ikaua watu wapatao 50; na nchini Tanzania, tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria ilishindwa kupanda mlima mkoani Dodoma, ikarudi nyuma kwa kasi na kugonga treni ya mizigo. Watu 281 walikufa. Aliyefiwa huko anastahili kujua breki zilishindwaje, awe anaishi Kigoma au Dowa.

Kuna ugumu mmoja. Tangu 1999 reli ya Malawi imeendeshwa kwa mkataba na kampuni ya Central East African Railways, kwa hiyo kumbukumbu nyingi za kila siku ziko kwa kampuni, si wizarani. Siri za kibiashara na habari binafsi nazo hulindwa na sheria. Hata hivyo, jina la majeruhi linaweza kufutwa na chanzo cha ajali kikabaki kikisomeka.

Anayetafuta ripoti aanze na afisa habari wa wizara inayosimamia uchukuzi, Capital Hill, Lilongwe. Ataje tarehe na mahali pa ajali, adai jibu la maandishi, na akinyimwa alalamike kwa Tume ya Haki za Binadamu. Faili za zamani za enzi ya ukoloni ni za kutafutwa Zomba, katika Nyaraka za Taifa.