Miaka 140 ya Chama cha Wachumi cha Marekani

Septemba 1885 wanahistoria wa Marekani walikutana Saratoga Springs, mji wa mapumziko katika jimbo la New York. Pembeni ya mkutano huo kundi la wasomi, wengi wao vijana, likaanzisha chama cha wachumi. Aliyewakusanya ni Richard T. Ely wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, akiwa na miaka 31.

Ely na wenzake kadhaa, akiwemo John Bates Clark, walikuwa wamesomea Ujerumani, ambako wachumi walikuwa na chama tangu 1873 na walifundisha kuwa uchumi huchunguzwa katika historia na hali halisi ya watu. Nyumbani walikuta reli, viwanda, migomo na mishahara duni, huku walimu wenye sauti kubwa vyuoni wakishikilia kwamba serikali ikae kando. Chama kiliundwa kuwajibu hao. Ely aliandika tamko la misingi lililosema kuwa binadamu hawezi kuendelea bila msaada wa serikali. Wachungaji nao wakajiunga, kama Washington Gladden, kwani ugomvi wa mfanyakazi na tajiri wake waliuona kuwa suala la dini pia.

Lilikuwa tamko la kijasiri, nami naamini lingekiua chama. William Graham Sumner wa Yale hakujiunga, na wengine wenye msimamo wa soko huria walibaki nje. Rais wa kwanza, Francis Walker, jenerali wa zamani aliyesimamia sensa za 1870 na 1880, alikuwa mtu wa kupatanisha. Miaka michache tu baadaye tamko likafutwa. Ndio uamuzi ninaouheshimu kuliko yote katika historia yao: walikubali kukaa meza moja na watu waliowapinga, na mabishano yakaendelea humo humo ndani.

Na kubishana wakati huo kulikuwa na gharama. Henry Carter Adams, mmoja wa waanzilishi, alipoteza kazi Cornell mwaka 1886 baada ya kuwatetea wafanyakazi hadharani. Ely mwenyewe alishtakiwa mbele ya wakuu wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, alikokuwa amehamia, mwaka 1894 kwa madai ya kuunga mkono migomo; hakupatikana na kosa.

Jarida la chama, American Economic Review, lilianza 1911, na hadi leo makala moja ndani yake inaweza kumjengea mhadhiri jina la maisha. Mwaka 1947 ikaja medali ya John Bates Clark kwa mchumi wa Marekani asiyefikisha miaka 40. Wa kwanza kuipata ni Paul Samuelson.

Lakini mlango haukuwa wazi kwa wote. Kamati ya kuangalia hali ya wanawake iliundwa 1971 tu. W. Arthur Lewis, mzaliwa wa Saint Lucia aliyewahi kuishauri serikali ya Kwame Nkrumah nchini Ghana, alikuwa mtu mweusi wa kwanza kushika urais wa chama, mwaka 1983. Alice Rivlin, mwanamke wa kwanza, alifuata 1986, zaidi ya karne moja baada ya Saratoga. Ni ucheleweshaji usio na utetezi. Mwaka 2020 chama kiliondoa jina la Ely kwenye mhadhara wake mkuu wa kila mwaka, kwa sababu mwasisi huyo aliyewatetea wafanyakazi aliandika pia maneno ya kibaguzi. Walifanya haki.

Yanayochapishwa na chama nayo yamefika mbali na Saratoga. Medali ya Clark ya mwaka 2010 alipewa Esther Duflo. Mwaka uliofuata, yeye, Michael Kremer na Jonathan Robinson walichapisha katika jarida la chama utafiti wao kuhusu wakulima wa mahindi wa magharibi mwa Kenya. Wakulima waliopewa nafasi ya kulipia mbolea mara tu baada ya mavuno, pesa zikiwa bado mkononi, na kuletewa nyumbani bure, walinunua zaidi kuliko wenzao.